Harambee ya Wachongaji wa Tabaka: Tusaidieni Kunyanyua Mawe Makubwa

Kwenu wana-Tabaka mlioko nyumbani, Nairobi, Mombasa na ughaibuni, pamoja na marafiki na wateja wetu wa miaka mingi: hamjambo?

Sisi ni kikundi cha wachongaji wa mawe ya sabuni, yale laini yanayochongeka kwa urahisi, hapa Tabaka, Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii. Tunawaalika kwenye harambee Jumamosi ya pili ya mwezi wa Agosti, kuanzia saa nne asubuhi, uwanjani kando ya karakana yetu. Tunatafuta shilingi 1,370,000 tutengeneze mahali pa kuchongea sanamu kubwa, zile za kusimama nje kwenye bustani za hoteli, mizunguko ya barabara na nyua za shule na makanisa.

Jiwe tunalo, tena la kila rangi: jeupe, la waridi, jekundu, la kijivu. Ufundi tumeurithi. Kinachotushinda ni uzito. Jiwe lenye kimo cha mita 2 na upana wa mita 1 kila upande lina zaidi ya tani 5, na pale machimboni tuna mitaimbo, magogo na mabega basi. Kwa hivyo jiwe zuri likifukuliwa zima tunalipasua kwa kabari, tunabeba vipande, na baada ya siku chache limekuwa sahani, viboko wadogo na vinara vya mishumaa. Vinauzika, hatukatai. Lakini kila mtu hapa anachonga kiboko, na mchuuzi analijua hilo anapotaja bei.

Mwezi wa Machi lilitoka jiwe la kijivu lenye mishipa ya waridi. Fundi wetu mkongwe aliligonga kwa nyundo pande zote, sikio limetegwa. Jiwe zima hulia. Lenye ufa ndani hujibu kwa sauti butu. Hili lililia. Na mteja alikuwepo, aliyetaka korongo wawili wenye taji, warefu kuliko mtu. Kreni ya kukodi kutoka mjini ingekula faida yote, na masika yale barabara ya machimboni isingeipitisha. Jiwe likapasuliwa mara tatu ili liingie kwenye pikapu. Mzee hakungoja kuona, alichukua koti lake akaenda zake.

Kazi kubwa si ndoto ngeni kwa kijiji hiki. Elkana Ong'esa ni mchongaji wa hapa hapa Tabaka, na sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mwaka 2014, Kenya ilipoalikwa kwenye tamasha la utamaduni la Smithsonian Folklife Festival jijini Washington, Marekani, alikuwepo pia. Jina la Tabaka limetembea sana; mashine ya kunyanyulia tu ndiyo haijafika.

Basi hesabu ni hii. Fremu ya chuma yenye magurudumu na cheni bloku, yaani mnyororo wa kunyanyulia mizigo, ni shilingi 620,000. Sakafu ya zege na paa la mabati, 540,000. Kompresa, grinda na diski za kukatia mawe, 430,000. Barakoa, miwani na tangi la maji, 90,000. Jumla 1,680,000, na wanachama tumeshachanga 310,000.

Kuna aliyeuliza kwa nini tununue kompresa badala ya grinda za umeme za bei nafuu. Sababu ni vumbi. Sanamu kubwa huchukua wiki kadhaa, na mchongaji anashinda ndani ya wingu jeupe linaloingia kifuani na kukaa huko. Mama zetu wanaosugua kwa msasa hulowesha jiwe kwanza, vumbi likawa tope na lisipande puani. Tunataka grinda nazo zikate jiwe likiwa limelowa, na kwa kuwa maji na umeme havipatani, tumechagua grinda za upepo zinazoendeshwa na kompresa. Barakoa za kitambaa tulizozoea hazitoshi, tuseme ukweli.

Wengine mmetuuliza kama jiwe la sabuni linavumilia mvua. Swali zuri. Lile laini kabisa tutaendelea kulifanyia vyombo vya mezani. La nje tutachagua gumu, tuisimamishe sanamu juu ya msingi wa zege ulioinuka na wenye mteremko, maji yasituame miguuni pake. Umbo nalo lina siri yake: mabawa yaliyotanuka na shingo iliyochomoza huvunjika mapema, kwa hivyo korongo wetu atainamisha shingo ishikane na kifua. Anayetaka korongo anayeruka tutamwelekeza kwa mafundi wa chuma.

Sanamu ya kwanza haitauzwa. Itasimama penye njia ya kuingilia sokoni, na vijana waliomaliza kidato cha nne watachonga pamoja na mafundi ili wajifunze. Baada ya hapo, sehemu ya kumi ya kila mauzo itabaki kwenye mfuko wa kutunza vifaa.

Pesa zitaingia kwenye akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na kila mchango utapewa risiti. Kadi za harambee ziko kwa mweka hazina, na namba ya kutuma kwa M-Pesa mtaipata kwake pekee. Ukitumiwa namba na mtu mwingine, hata kama unamfahamu, mpigie mweka hazina kwanza.

Siku hiyo kutakuwa na mnada wa sanamu, kuku na ndizi, na chai itakuwepo. Asiye na pesa alete saruji, mchanga au siku moja ya kibarua. Vyote vitaandikwa kitabuni. Tunahitaji pia lori la kubebea jiwe la kwanza. Mwenye nalo atuambie kabla ya mwisho wa Julai, dizeli ni juu yetu.