Mwalimu mjamzito apewe kiti, maji na muda wa kulisikiliza tumbo lake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo walimu wanawake tunalizungumza sana tukiwa peke yetu chini ya mwembe, lakini ambalo mbele ya mwalimu mkuu hatulitamki, nalo ni kukaza kwa tumbo katika miezi ya mwisho ya ujauzito wakati mtu bado yuko kazini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi yenye bweni, mkoani Tanga, na mtoto wangu wa pili sasa ana miezi 7, kwa hiyo ninayoyaandika hayajanitoka akilini.

Mara ya kwanza nilikuwa ubaoni, darasa la tano, mimba ikiwa na wiki 30. Tumbo lilijikusanya likawa gumu kama nazi, pumzi ikanikata, na baada ya muda usiozidi nusu dakika likalegea lenyewe kana kwamba hakuna lililotokea. Sikuwa na maumivu ya kumfanya mtu alie. Nilikuwa nimebanwa tu. Nilisimama na chaki mkononi, watoto wakidhani nimesahau hesabu yangu mwenyewe, na mmoja wao akanisaidia kwa kutaja jibu. Kutoka siku hiyo hali ile ilinirudia karibu kila siku, mara nyingi baada ya kipindi cha nne, na zaidi siku nilizokuwa mwalimu wa zamu.

Mikazo hii ina historia ndefu katika vitabu vya uzazi. Hujulikana kwa jina la John Braxton Hicks, daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1872, na maelezo yake ni mepesi: mfuko wa uzazi ni msuli, na msuli huo hukaza na kulegea katika kipindi chote cha ujauzito, ila mwanamke huanza kuuhisi waziwazi mimba inapokuwa kubwa, na aliyekwisha kuzaa huuhisi mapema zaidi kuliko mwenye mimba ya kwanza. Mikazo hiyo haina mpangilio, haizidi nguvu kadiri saa zinavyokwenda, na haifungui mlango wa kizazi. Uchungu wenyewe ni jambo jingine, kwa sababu hurudi kwa vipindi vinavyozidi kukaribiana, kila mkazo ukiwa mkali na mrefu kuliko uliotangulia, na mara nyingi huanzia kiunoni ukazunguka hadi mbele.

Mikazo hii isiyo na mpangilio kwa kawaida tunaiita uchungu wa uongo, na nadhani jina hilo limetuponza. Mwanamke anayemwambia bosi wake kwamba ana uchungu wa uongo amekwisha kujitangaza kuwa mwongo kabla hajaomba lolote. Muuguzi mkunga aliyenihudumia kliniki hakulipenda jina hilo kabisa. Yeye alisema tumbo linafanya mazoezi, na akaongeza kwamba mtu anayefanya mazoezi hachekwi.

Ni huyo mkunga aliyenifundisha jambo ambalo ndilo kiini cha barua hii. Nilimuuliza nitajuaje kwamba mkazo huu ni wa mazoezi na ule si wa mazoezi, naye akanijibu kwamba kwa mtu aliye nyumbani au kazini njia ni moja: acha unachokifanya, kojoa, kunywa maji bilauri moja au mbili, kaa au lala kwa ubavu wa kushoto, kisha uitazame saa. Ukiwa ni wa mazoezi, mara nyingi utapungua au kutoweka, kwa kuwa unachochewa na kusimama muda mrefu, uchovu, kiu na kibofu kilichojaa. Ukiendelea kurudi kwa mpangilio hata baada ya hayo yote, chukua kadi yako uende hospitali. Kwa maneno mengine, Mhariri, kupumzika ni dawa ya mikazo hii na papo hapo ndiyo njia ya kuitambua, na mwajiri anayemkatalia mwanamke robo saa ya kukaa amemnyima vyote viwili. Hataweza kujua kama anachokihisi ni cha kupita au kama mtoto anakuja kabla ya wakati wake, maana tumbo la mtu aliyesimama na kiu tangu asubuhi litakaza tu.

Sasa hebu tazama siku ya mwalimu ilivyo. Saa 1 asubuhi yuko mstarini na wanafunzi, kisha vipindi vinafuatana, na katika madarasa mengi ninayoyafahamu meza ya mwalimu ipo lakini kiti kimehamishiwa ofisini, kwa imani ya zamani kwamba mwalimu anayekaa hafundishi. Choo cha walimu kiko upande wa pili wa uwanja. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumejizoeza kutokunywa maji hadi saa ya chai, ili tusilazimike kuliacha darasa, na tunapokunywa tunabana mkojo hadi kengele ilie. Nakiri kwamba nilifanya hivyo kwa majuma mengi na nikajiona mtumishi hodari, kumbe nilikuwa nikijiletea mwenyewe sababu mbili kati ya zile alizonitajia mkunga. Niliposhika chupa ya maji na kuanza kwenda chooni kila kengele ilipolia, hata kama sikuhisi haja, mikazo ya mchana ilipungua kwa kiasi cha kunishangaza.

Ya usiku ndiyo iliyonishinda. Shule za bweni zina vipindi vya kujisomea usiku, ambavyo sisi tunaviita prepu, na mwalimu wa zamu husimamia hadi saa 4. Mimba ikiwa na wiki 34 nilipangiwa zamu ya wiki nzima. Usiku wa pili tumbo lilikaza mara tatu katika muda wa prepu, nikamwomba mwalimu mkuu msaidizi aniruhusu nikae ofisini dakika chache nijisikilize, naye akanijibu, bila ubaya mwingi naweza kusema, kwamba ujauzito si ugonjwa. Nikarudi darasani. Nilimaliza zamu, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani kwa barabara yenye mashimo, na mkazo wa nne ukanikuta njiani, nimemshika dereva bega, nikimwomba apunguze mwendo. Nyumbani nilikunywa maji nikalala ubavu, na baada ya muda tumbo likatulia. Usiku ule ulikuwa wa mazoezi tu. Lakini kwa saa mbili nzima sikuwa na namna ya kujua, na wakati huo nilikuwa nimebakiwa na wiki 3 kufika wiki ya 37, ambayo mtoto anayezaliwa kabla yake huhesabiwa kuwa njiti.

Baadaye mwalimu mwenzangu mmoja, mwanamume, alinionyesha jambo ambalo ningepaswa kulijua siku nyingi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 20, inamkataza mwajiri kumtaka au hata kumruhusu mjamzito afanye kazi usiku katika miezi 2 ya mwisho kabla ya tarehe ya matazamio ya kujifungua, na usiku umefafanuliwa kuwa ni baada ya saa 2 usiku hadi kabla ya saa 12 asubuhi. Kabla ya miezi hiyo 2, cheti cha daktari kinachoeleza kwamba hawezi tena kazi ya usiku kinatosha kumwondoa. Nalirudia neno kumruhusu, kwa sababu hata kama ningejitolea mwenyewe kwa kuogopa kuonekana mvivu, shule ilipaswa kunikatalia. Kifungu cha 23 nacho kinampa kila mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 mapumziko ya angalau dakika 60, na kifungu cha 33 kinamzuia mwajiri kumpa mjamzito kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto.

Kuna watakaouliza kwa nini basi hatuanzi likizo mapema, maana sheria hiyohiyo inaruhusu mwanamke aanze likizo ya uzazi wiki 4 kabla ya tarehe ya matazamio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya yake au ya mtoto inahitaji hivyo. Jibu ni hesabu ya darasa la tatu. Likizo ni siku 84 kwa aliyezaa mtoto mmoja, na 100 kwa aliyezaa zaidi ya mmoja. Anayeanza wiki 4 kabla huwa ametumia siku 28 akiwa bado na tumbo, akabakiwa na siku 56 za kukaa na mtoto, na kama mtoto atachelewa hata wiki moja zinabaki 49. Hakuna mama asiyeipiga hesabu hiyo. Mimi niliondoka kazini wiki ya 38, wenzangu wengi huondoka siku chache tu kabla ya kujifungua, na hatufanyi hivyo kwa kupenda chaki. Ndiyo maana nasema suala hili halimalizwi kwa kutuambia tukapumzike nyumbani. Tutakuwa kazini katika wiki hizo za mwisho, na kazi ndiyo inayopaswa kurekebishwa.

Ninafahamu ugumu wa upande wa pili. Shule ina walimu wachache, zamu lazima zifanyike, na mwalimu mkuu akimwondolea mmoja mzigo anambebesha mwingine, ambaye naye ana yake. Wapo pia, sitaficha, waliotumia tumbo kukwepa kazi hata pale walipokuwa wazima. Hata hivyo kwetu jambo lilipozungumzwa wazi ufumbuzi ulipatikana ndani ya dakika kumi: yule mwalimu aliyenionyesha sheria alichukua prepu zangu zote, nami nikasahihisha insha za madarasa yake mawili, nikiwa nimekaa kitini mchana. Hakuna shilingi iliyotumika. Vipindi vya mwisho vya siku nilivigeuza kuwa vya kusoma kwa sauti na vya mijadala, ambavyo mwalimu anaweza kuviongoza amekaa, na madaftari yakabebwa na viongozi wa darasa badala ya kubebwa na mimi. Nyuma ya shajara yangu nikawa naandika saa ya kila mkazo na ulichukua muda gani. Kitabu hicho kilinipa utulivu ambao hakuna mtu angeweza kunipa, kwa kuwa nilipoona saa 4:10, kisha 5:45, kisha kimya hadi alasiri, nilijua hakuna mpangilio wowote pale.

Kuhusu ile kauli ya kwamba ujauzito si ugonjwa, sina ugomvi nayo. Ni kweli si ugonjwa. Kiu nayo si ugonjwa, wala mkojo si ugonjwa, na mwanafunzi akiinua mkono kuomba kwenda chooni tunamruhusu bila kumdai cheti cha daktari.

Nisije nikaeleweka vibaya na dada zangu watakaosoma barua hii wakadhani kila mkazo ni wa kupuuzwa. Kabla ya wiki ya 37, tumbo likikaza kila baada ya dakika 10 au chini ya hapo, au likifuatana na maumivu ya kiuno yanayokuja na kuondoka, usikae nyumbani kungoja lipoe. Vilevile usingoje, katika wiki yoyote ile, ukiona damu, maji yakivuja, mtoto akipunguza kucheza, au ukipata kichwa kikali na macho kuona ukungu. Na zile dawa za kienyeji ambazo majirani huleta kwa nia njema ili kuongeza uchungu uishe haraka, mkunga wangu alizikataa kwa ukali nisiouona kwake siku nyingine, akisema zinaweza kukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi na kumwua mama na mtoto. Mimi uchungu wangu wenyewe ulianza wiki ya 39, saa 9 usiku, kiunoni. Nilikunywa maji, nikalala ubavu, nikasubiri kama nilivyofundishwa, na safari hii haukutikisika. Saa moja baadaye tulikuwa njiani.

Ombi langu kwa maofisa kazi wa mikoa, na hasa wa mikoa yenye shule nyingi za bweni za binafsi, ni dogo. Wanapokuja kukagua mikataba na michango ya mifuko ya jamii, waombe pia kuonyeshwa ratiba ya zamu za usiku, kisha waulize kati ya majina yale ni nani mjamzito na tarehe yake ya matazamio ni lini. Sheria inamtaka mwanamke amjulishe mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe hiyo, akiambatisha cheti cha daktari, hivyo mwenye shule hawezi kusema hakujua. Na kwa walimu wakuu ninaomba viti virudishwe madarasani hata kabla mkaguzi hajafika.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Tanga