Kwa vijana wa timu yetu ya Nkuhungu mnaoogopa kupotezewa muda

Wajukuu zangu, mbukwenyi.

Wiki hii nimeletewa habari mbili. Ya kwanza, wenzenu waliomaliza kidato cha sita wameitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, na mmoja anahangaika kutafuta cheti cha daktari kwamba mguu wake mbovu. Mguu wenyewe ni uleule anaopigia krosi kila jioni, mtaa mzima unamwona. Ya pili, wawili wameacha kusomea ufundi bomba chuo cha VETA kwa kuwa kuna wakala wa Dar es Salaam kawaahidi majaribio. Nimewauliza wote, jibu ni moja: babu, mpira una umri, tutapotezewa muda.

Mpira una umri, sibishi. Lakini mnaopenda sana ligi ya Uingereza, mnaolipia kibanda umiza hata pesa ya daladala ikiwa hakuna, hebu nisikilizeni habari za mchezaji wao wa zamani, Tom Finney.

Alizaliwa mwaka 1922 mjini Preston, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Klabu ya kwao, Preston North End, ndiyo iliyochukua ubingwa wa kwanza kabisa wa ligi yao, msimu wa 1888/89, bila kufungwa mechi hata moja. Msiwacheke kwa kuwa hamwaoni kwenye runinga. Klabu ilimtaka akiwa bado mvulana mdogo. Baba yake akagoma: maliza kwanza kujifunza ufundi bomba, mpira utacheza ukitoka kazini. Nadhani wengi wenu mngemnunia mzee huyo mwaka mzima.

Januari 1940 akasaini mkataba wa kulipwa, na wakati huo ligi ilikuwa imeshasimamishwa kwa sababu ya vita. Yakabaki mashindano ya muda tu. Mwaka 1941, akiwa na miaka 19, alicheza fainali ya kombe la wakati wa vita dhidi ya Arsenal pale Wembley. Wakatoka 1-1, Preston wakashinda marudiano 2-1. Mwaka uliofuata akaitwa jeshini. Akapelekwa Misri, kisha Italia, akawa ndani ya kifaru katika Jeshi la Nane la Waingereza. Umri ule ambao nyinyi mnasema ndio umri wa kusajiliwa, yeye aliumalizia vitani.

Mechi yake ya kwanza ya ligi aliicheza tarehe 31 Agosti 1946. Alikuwa na miaka 24. Kabla Septemba haijaisha, alikuwa ameshavaa jezi ya timu ya taifa. Baada ya hapo akaichezea Uingereza mechi 76 na kufunga mabao 30, akaenda Kombe la Dunia mara tatu, na akawa wa kwanza kuchaguliwa mchezaji bora wa mwaka mara mbili, 1954 na 1957. Preston aliwachezea mechi 433 za ligi, mabao 187. Kwa asili alikuwa wa mguu wa kushoto, wa kulia akaufundisha mwenyewe, ndiyo maana alicheza winga zote mbili na katikati pia. Na hakuwahi kutolewa nje na mwamuzi. (Beki wetu wa kulia, hapo nakusema wewe.)

Sisemi vita vilimfaa. Walioondoka naye wasirudi ni wengi, na mpira wao hakuna anayeujua. Mwaka 1978, Mwalimu alipotutangazia kwamba sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, rika langu lililoondoka kwenda Kagera halikurudi lote. Kwa hiyo mkiniambia kambi ya JKT ya miezi michache ndiyo inawaua kisoka, mniwie radhi, nashindwa kuwaonea huruma. JKT Tanzania wako Ligi Kuu. JKT Queens walicheza Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2023. Jeshini kiwanja kipo.

Sasa nyie wawili wa VETA. Wakati wa Finney mshahara wa mchezaji ulikuwa na kikomo. Mwaka 1952 haukuzidi pauni 14 kwa wiki. Mwaka huohuo Palermo ya Italia ilimtaka kwa pauni 10,000 za kusaini, pamoja na nyumba na gari. Viongozi wa Preston wakamkatalia. Mimi naona walimdhulumu, lakini hakwenda kulilia dirishani kwa mtu. Alikuwa na kazi yake ya bomba mjini, na aliendelea nayo huku akiwa nyota wa taifa. Alistaafu mpira mwaka 1960, kile kikomo kikaondolewa mwaka uliofuata. Pesa kubwa zikamkosa, njaa haikumpata.

Na hapa Dodoma kazi ya bomba imejaa. Tangu serikali ihamie, nyumba zinaota kila upande, na maji yetu ya chumvi yanaganda kwenye koki, mwaka hauishi zimekwama. Juzi nilimwona mmoja wenu akifunga kinyume ile tepu ya kuzuia koki isivuje: akikaza, tepu inajivua kwenye uzi, maji yanamwagika, naye anailaumu koki. Tepu inafuata upande unaokazia. Hayo hufundishwa na mkono wa fundi, na miezi mitatu haitoshi.

Wakala huyo muulizeni majaribio ni ya klabu gani na nauli analipa nani. Akiomba pesa, mleteni kwangu kabla hamjatoa.

Nimezungumza na fundi mwenzangu anayefunga mabomba kwenye nyumba za Iyumbu. Atawachukua asubuhi, saa kumi awaachie mje mazoezini, ila kwa sharti mrudi darasani. Jumatatu saa moja, mje na spana zenu. Na wewe mwenye cheti cha daktari, kichane, ufungashe njumu.

Babu yenu,
fundi bomba mstaafu, Nkuhungu