Barua kwa Neema: Kwaya Yenu na Mapango ya Amboni

Rafiki yangu Neema,

Nakusalimu wewe na wanakwaya wako. Umeniuliza kama mapango ya Amboni, hapo Tanga, yanafaa kwa kurekodia nyimbo zenu. Yanafaa, ila si kwa kila wimbo.

Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Ukuta ukiwa umbali wa mita 17 au zaidi, sauti hurudi baada ya moja ya kumi ya sekunde, nalo sikio huipokea kama mwangwi uliojitenga. Ukuta ukiwa karibu zaidi, sauti zinazorudi huungana na ile ya kwanza, na kwa kuwa jiwe la chokaa hunyonya sauti kidogo sana, mvumo wa neno moja huwa bado haujaisha mwimbaji anapotamka la pili. Ndiyo maana mwongoza watalii anayepiga kelele pangoni haeleweki kama yule anayesema polepole, kwani anapoongeza sauti, mvumo nao huongezeka vilevile.

Kwa hiyo nyimbo za haraka zenye maneno mengi ziacheni, mchague za taratibu zenye noti ndefu. Waimbaji wa besi wawe wachache, maana katika njia nyembamba kuta hukuza baadhi ya noti za chini mpaka zikafunika sauti nyingine. Tope la sakafuni humeza sehemu ya mvumo, na miili na nguo za wageni pia, hivyo chumba kitupu hakilii kama kilichojaa watu. Pigeni makofi mkiwa mmesimama sehemu mbalimbali, msikilize, ndipo mpange maikrofoni, tena karibu na vinywa.

Wako waliofanya pango lenyewe kuwa ala. Huko Luray, Virginia, nchini Marekani, Leland Sprinkle alitengeneza kinanda katika miaka ya 1950: ukibonyeza, nyundo za mpira zinazoendeshwa kwa umeme hugonga stalaktiti, yaani nguzo za mawe zinazoning'inia kutoka darini mwa pango, zilizotawanyika katika eneo la ekari 3.5. Baadhi zilichongwa ili zitoe noti iliyotakiwa, jambo ambalo mimi silipendi hata kidogo, kwa kuwa matone ya maji yalizijenga kwa maelfu ya miaka. Ninyi msigonge chochote.

Ombeni kuingia asubuhi kabla ya watalii, na mkae mbali na vyumba walivyolala popo. Mkishachagua nyimbo, niandikie majina yake.

Wako,
Rehema