Shoga, hela yako hiyo, na mche wa asumini juu yake

Mwahako, Tanga
Ijumaa jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Natumai nyote wazima huko Dodoma, shemeji na watoto, sie hapa wazima alhamdulillah. Vuli imeanza juzi, uani kote kunanukia udongo, nakuandikia kwa simu nimejilaza kwenye mkeka chini ya mwarobaini, na kioo kimepasuka pale penye herufi ya m kwa hiyo ukiona neno limekatika usije ukasema shule ilinipita mbali, ni simu.

Najua muamala umeuona kabla ya hii barua. Ni laki moja, na laki iliyobaki inakuja tarehe 30 inshallah, na nakuomba kwa ule urafiki wetu wa toka Chumbageni usiirudishe. Nakujua wewe, utanirushia alafu uandike "wanunulie watoto sukari". Usifanye hivo, utanivunja nguvu.

Hela zako nimekaa nazo mwaka na miezi 7 na hukunidai hata siku moja, na ndo maana nilikuweka wa mwisho. Sio haki, nalijua hilo. Anayekuja kukutukana mlangoni unamlipa wa kwanza, aliyekustahi unamzungusha. Ile siku ulionipigia mara 4 mfululizo simu nilikuwa nayo mkononi, naiangalia inavyolia mpaka inakata yenyewe, afu nikamwambia Omari akupigie akwambie mama yuko msibani. Hapakuwa na msiba wowote shoga. Na ile laki 2 nilikwambia ni ya ada ya Omari, haikuwa ada, ilikuwa makochi. Basi nimeshasema, sasa naweza kuhema.

Unakumbuka mwaka jana 2024 baada ya Idi walikuja wageni kutoka Pangani kwa posa ya Fadhila. Mi nikaangalia vile viti vyetu, kimoja kimefungwa mpira wa baiskeli mguuni, nikaona aibu, wazee wa watu watakaa wapi. Nikaenda kwa hawa wa mikopo ya kina mama, wenyewe mtaani tunawaita kausha damu, nikachukua milioni 1, nikajazia na hela yako na akiba kidogo, makochi yakaja, milioni na laki 2 na nusu, rangi ya ugoro, makubwa hayo mpaka ikabidi kabati litolewe. Siku ya posa umeme ukakatika saa 5 asubuhi. Ndani joto kama tanuru. Wale wazee wakasema mama usihangaike, sie tutakaa hapo nje penye upepo, wakatandikiwa mkeka chini ya mwarobaini, pilau ikaliwa nje, posa ikajibiwa nje, makochi yakabaki ndani na nailoni yake, hakuna aliyeyakalia. Baba Fadhila mpaka leo akikumbuka anacheka peke yake kibandani kwake kule anakotengeneza baiskeli, wateja wanafikiri amepata ugonjwa.

Marejesho sasa. Elfu 65 kila Jumanne kwa wiki 20, piga hesabu, milioni 1 na laki 3. Na kikundi ni cha watu 10, mmoja akikosa hela hakuna anayenyanyuka, mnakaa pale barazani mkitazamana mpaka itimie, mwenye mtoto mchanga yupo, mwenye maandazi yake yanachacha yupo, wote wanakuangalia wewe. Wiki ya 12 ndo nikashindwa. Kilichofuata ni faini juu ya faini, na mi akili yangu ikanituma kwenye simu, ile mikopo ya programu za mtandaoni, unabonyeza tu hela inaingia. Niliomba elfu 60, ikaingia elfu 45, nirudishe elfu 78 ndani ya siku 7! Siku ya 8 wakaanza kuwatumia meseji watu walioko kwenye simu yangu, hadi ustadhi wa madrasa wa Omari alitumiwa, kwamba mwambie fulani alipe deni. Labda na wewe ulitumiwa ukanisitiri, sikuulizi. Mwezi wa 11 mwaka huohuo Benki Kuu ikatangaza programu 69 kama hizo kwamba hazina kibali, nilifurahi kama nimepata mtoto, lakini aibu ilikuwa ishatembea mtaa mzima.

Waswahili walisema kukopa harusi kulipa matanga, na mie niko Tanga kabisa, ningekwenda wapi.

Aliyenitoa ni mpwa wangu anayesomea uhasibu, alikuja likizo akanikuta nimejifungia chumbani mchana. Akachukua daftari la Omari la hesabu, ukurasa wa nyuma, akasema shangazi taja, tukaandika kila kitu hadi ile chupa ya mafuta ya kupikia ya jirani. Kausha damu zimebaki wiki 9, yaani laki 5 na elfu 85, ukiacha faini. Mangi wa dukani elfu 147. Kikoba laki 3. Simu elfu 78. Wewe laki 2. Jumla yake milioni 1 na laki 3 na elfu 10. Usiku huo nililala shoga, ajabu, nilikuwa nafikiri ni milioni 3 au 4, maana deni usiloliandika linazaa usiku. Huyo mpwa ndo akanambia pia wakopeshaji wadogo wenye leseni Benki Kuu imewawekea riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa milioni 1 miezi 5 ingekuwa laki 1 na elfu 75, mie walinipigia laki 3. Nikaenda na hiyo hesabu kwa yule bwana mkopo, sikumtukana, nikamsomea tu taratibu, na faini akazifuta zote. Ile laki 5 na elfu 85 hakupunguza hata mia.

Makochi nikayauza. Laki 6. Nusu ya bei na yalikuwa na nailoni yake bado! Aliyenunua alikuja na mkokoteni, majirani wamejaa mlangoni wanatazama, nikatoka na kanga yangu nikasimama nikayaaga kama naaga maiti, watu wakacheka na mie nikacheka, ikaisha. Hela ile ile jioni ikaenda kausha damu na kile kisirani kikafa. Iliyobaki elfu 15 nikanunua mbegu na koleo.

Maana sijakwambia bustani ilianzia wapi. Ilianza kwa ubahili tu. Mboga ilikuwa inatula elfu moja na mia 5 kwa siku, ndo elfu 45 hiyo kwa mwezi, na uani kwetu unapajua, palikuwa pakavu watoto wanachezea mpira. Mchanga mtupu. Jirani yangu ana ng'ombe 2 wa maziwa, samadi inamkera, nikamwambia mi ntakuzolea bure, asubuhi nikawa nazoa na toroli la Baba Fadhila. Samadi mbichi nilikosea mwanzo, niliitia hivohivo mchicha wote ukaungua majani, sasa nairundika nafunika na majani ya mgomba mpaka ipoe iwe nyeusi haina harufu. Mchicha wiki 3 au 4 unakata, sing'oi, nakata juu kidogo unachipua tena. Matembele ndo usiseme, unachomeka kikonyo tu yanatambaa mpaka kwa jirani. Bamia, pilipili mbuzi, nyanya chungu, mipapai 2, kisamvu kwenye ua wa nyuma. Ndoo zilizotoboka nimepanda vitunguu vya majani. Wadudu nawarushia majivu alfajiri umande ukiwepo. Maji ya kuoshea mchele na samaki yote yanaenda kwenye matuta, bili ya maji siichezei. Kuku walinifia 11 kwa mdondo nikalia, sasa kila miezi 3 nafuata chanjo ya matone, tone moja jichoni, Omari anawakamata.

Mwezi wa pili tu wa bustani tukawa hatununui mboga. Wa tatu nikaanza kuuza mafungu pale mlangoni, mia 2 mia 2, siku nzuri elfu 3, siku mbaya tunakula wenyewe. Na friji sikuliuza, linatengeneza barafu za ukwaju na ubuyu za watoto wa shule, hela ya mangi imetokea humo, sarafu kwa sarafu. Siku ya mwisho alifuta jina langu kwenye daftari lake mistari miwili ya nguvu afu akanipa pipi.

Lakini shoga nilichotaka kukwambia sio hesabu. Nilikuwa nimezoea kutoka. Shughuli hii, kitchen pati ile, sare hii, mchango ule, kila wiki, na nikirudi nyumbani naona pabaya. Sasa sina nauli wala hela ya sare, nimekwama, na huko kukwama ndo nimepaona kwangu. Saa 11 jioni upepo wa baharini unapanda, jua limelegea, namwagilia, Baba Fadhila anarudi anaegesha baiskeli anakaa kwenye ule mti wa mnazi ulioanguka, mchaichai nakata papo hapo chai inachemka, redioni taarabu, kuku wanapanda kulala kwenye mwembe mmoja mmoja wakigombania tawi. Siku nyingine Omari anatoka na changu watatu kule soko la samaki la Deep Sea, tunasonga bada, ugali wetu wa muhogo, mchuzi wa nazi na kisamvu, tunakula pale pale mkekani. Miaka yote hii ya ndoa na nilikuwa sijui kama yule mume wangu anajua kupiga mluzi!

Tumegombana mara moja tu mwaka huu, na tuligombania asumini. Ule mwasumini wa marehemu mama, upo pale karibu na bafu, umetanda kweli. Baba Fadhila akasema tuung'oe, hapo pana nafasi ya tuta zima la mchicha, deni la kikoba liishe mapema, ua lisiloliwa la nini. Kwa hesabu alikuwa na haki. Nikamwambia utang'oa hilo baada ya kuning'oa mimi. Siku 2 hatukusemeshana. Afu akaja dada mmoja wa mtaa wa pili, ana harusi, anatafuta asumini za vikuba, akanipa elfu 10 nimchumie kapu, maana lazima uchume magharibi kabla hayajafunguka, usiku ndo yanachanua. Nikachuma. Baba Fadhila kusikia elfu 10 macho yakamtoka, kumbe ni mali, kesho yake ananiletea vikapu, kaongea na watu, kila Ijumaa tuuze. Nikakataa tena! Akaniuliza mwanamke we unataka nini, hutaki kung'oa hutaki kuuza. Mwanaidi, kila kitu ndani ya nyumba hii kilikuwa kinalipa deni. Mchicha unalipa, kuku wanalipa, friji linalipa, mie mwenyewe nalipa. Nilitaka kitu kimoja kisichodaiwa na mtu. Sasa nachuma kidogo, natungia kikuba na majani ya rihani, naweka kwenye mto, chumba kinanukia mpaka asubuhi na yeye ndo wa kwanza kuuliza mbona leo hakuna.

Kikoba nimemaliza mwezi wa 9. Wa simu niliwalipa zile elfu 45 zilizoingia mkononi mwangu, zaidi ya hapo wakatafute. Umebaki wewe.

Fadhila anaolewa Januari baada ya kuahirishwa mara 2, na shughuli itakuwa hapahapa uani, mkekani, pilau na barafu za ukwaju, hakuna sare, watakaonuna wanune. Mpwa wangu kanikatia bajeti na hakuna hata shilingi ya kukopa. Omba ruhusa mapema kazini, nimekutengea ule upande wenye upepo.

Kesho alfajiri nampa konda wa basi mzigo wako pale stendi ya Kange, mfuko wa kaki wenye jina lako, kaupokee stendi ya Nzuguni. Ndani kuna mbegu za mchicha nimekausha mwenyewe, pilipili mbuzi, mabungo kidogo kama hayatabonyea, na mche wa asumini nimeufunga na gunia bichi. Huko kwenu mvua ni msimu mmoja na jua lenu nalijua, usiupande ardhini sasa, uweke kwenye kopo lililotobolewa chini, upande wa kivuli, umwagilie jioni tu, mvua zikishika ndo uuteremshe. Utapukutisha majani wiki ya kwanza, usiutupe, unazira tu safari. Na ukitoa ua la kwanza nipigie, saa yoyote, ntapokea.

Ni mimi,
Mama Fadhila