Asilimia 50 peke yake haitoshi

Kanyenye, Tabora

Swahiba Hamisi,

Salamu nyingi hapo Ujiji. Umeuliza: kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao yetu ya kustaafu, kikirudishwa asilimia 50, yamekwisha? Hayajaisha. Shika kalamu.

Tuseme wastani wa mishahara yako bora ya miaka mitatu ni milioni 1 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka, na umechangia miezi 360. Zidisha 360 kwa 12,000,000, gawa kwa 580, unapata 7,448,276. Hiyo ni pensheni kamili ya mwaka. Izidishe kwa 12.5, chukua asilimia 40: huo ndio mkupuo, fedha unayolipwa mara moja ukistaafu, 37,241,379. Asilimia 60 ya ile ya mwaka ukiigawa kwa 12 ni 372,414 kila mwezi.

Wazee wa PSPF na LAPF, mifuko ya zamani ya watumishi wa serikali kuu na wa halmashauri, walikuwa na 540 badala ya 580, 15.5 badala ya 12.5, na nusu kwa nusu. Kwa mshahara huohuo mkupuo ni milioni 62, mwezi 333,333. Sasa rudisha 50 tu, uache 580 na 12.5 palepale: 46,551,724. Milioni 15 na ushei zimeyeyuka, na majukwaani sizisikii zikitajwa.

Magufuli alisitisha kikokotoo kipya Desemba 2018. Julai 2022 mkupuo ukawa asilimia 33 kwa wote, na bajeti ya 2024 ikawapandisha hadi 40 ninyi mliokuwa na 50. Wa mifuko mingine, waliokuwa na 25, wakapewa 35. Sisemi mifuko ilikuwa mizima: PSPF ilibebeshwa pensheni za watumishi ambao kabla ya 1999 hawakuwa wakichangia. Lakini wanaojitetea kwamba pensheni ya mwezi imepanda, waambie imepanda kwa 39,081. Kuziba pengo la mkupuo kwa hiyo kunataka miaka 52 na ushei. Ustaafu na 60, ufikishe 112!

Wakati wanabishana, wewe fungua PSSSF Kiganjani, programu ya simu ya mfuko wetu wa sasa, uhesabu michango mwezi kwa mwezi, hasa ile ya mwaka uliohama halmashauri. Kila mwezi usioonekana unakula 103,448 za mkupuo, na 1,034 za kila mwezi mpaka unaingia kaburini. Ukikuta pengo, peleka hati za mshahara za miezi hiyo kwa afisa utumishi, ubaki na nakala.

Na lile jina. Kwenye kitambulisho cha NIDA wewe ni Hamisi, barua ya ajira ni Hamis. Karekebishe sasa hivi, usingoje barua ya kustaafu.

Wako,
Juma