Farasi Akikimbia Bila Wewe: Nini Kiwe Mwilini, Nini Kiwe Kwenye Tandiko

Wageni wengi wanaokuja kupanda farasi magharibi mwa Kilimanjaro hutaka simu, maji na dawa zao vifungwe kwenye mikoba ya tandiko. Inaeleweka, kwani farasi ndiye mwenye nguvu za kubeba. Lakini digidigi akichomoka kichakani, farasi huruka pembeni ghafla, mpandaji huanguka, na mzigo wote huondoka na farasi. Kwa hiyo kabla ya safari tunapanga vitu upya: cha kukuokoa wewe kikae mwilini mwako, cha kumrudisha farasi kikae juu ya farasi.

Mwilini weka simu yenye chaji, filimbi, chupa ndogo ya maji, na dawa yoyote ambayo huwezi kukaa saa mbili bila kuwa nayo, hasa ya pumu au ya mzio wa nyuki. Tumia mkoba wa kiunoni uliosogezwa mbele kidogo ya nyonga. Usibebe kitu kigumu mgongoni, maana ukianguka chali kitakandamiza uti wa mgongo. Filimbi ni ya lazima kwa sababu mtandao wa simu hukatika mabondeni na sauti ya mtu hukauka upesi. Piga mara tatu, tulia, rudia. Mtandao ukiwepo, piga kwanza namba ya kiongozi wa safari. 112 ni ya dharura.

Kwa farasi, tunafunga vibao viwili vya chuma vyenye namba ya simu: kimoja kwenye pete ya tandiko, kingine kwenye mkanda wa kichwani. Viwili, kwa sababu mikanda ya kichwani ndiyo hukatika kwanza. Mpige pia picha akiwa ametandikwa, ubavu wa kulia, wa kushoto na uso. Wafugaji wa Kimaasai wa Sinya na vijiji vya Enduimet huona mbali na hukumbuka mnyama kwa alama zake. Ukiwaonyesha baka jeupe la paji la uso utasaidiwa haraka kuliko ukisema “farasi wa kahawia”. Vile vifaa vidogo vya kutafutia funguo visikudanganye: vingi hutegemea simu za watu wanaopita karibu, na porini hapiti mtu.

Jambo linaloumiza farasi wengi waliotoroka ni hatamu. Zikining'inia huzikanyaga, anajivuta mwenyewe kwa lijamu (chuma cha mdomoni), na ulimi unaweza kupasuka. Mkanda wa kichwani wa ngozi hukatika kabla ya madhara kuwa makubwa. Wa nailoni haukatiki kirahisi. Ndiyo maana hatuendi porini na mkanda wa kichwani wa nailoni usio na kipande cha ngozi nyuma ya masikio. Wewe nawe usizungushe hatamu wala kamba mkononi, na vaa viatu vyenye kisigino cha sentimita mbili na nusu hivi ili mguu usipenye kwenye kikuku, yaani pete ya tandiko ya kukanyagia. Kutengana na farasi huku mguu umenasa ni hatari kuliko yote tunayoyaeleza hapa.

Mshipi wa tumboni mwa farasi, unaoshikilia tandiko, ukaguliwe tena baada ya dakika 10 hadi 15 za mwendo. Farasi wengine hujaza kifua wakati wa kutandikwa, na godoro la chini ya tandiko hushuka. Tandiko likizungukia tumboni hata farasi mpole huingiwa na kichaa cha woga.

Mtu akianguka, kundi zima lisimame. Tafadhali usimkimbize farasi: akisikia kwato nyuma yake ataongeza mbio, na wa kwako naye atataka kumfuata. Farasi wenzake wakitulia, mara nyingi aliyetoroka huwarudia. Asiporudi, kwa kawaida hushika njia aliyojia kuelekea zizini, kwa hiyo huko ndiko tunakopiga simu kwanza. Mpandaji abaki na kiongozi. Eneo hili lina tembo na nyati. Kufuata nyayo peke yako kwa miguu ni hatari. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na usiku fisi huamka, hivyo taarifa itolewe mara moja, si baada ya saa nzima ya kujaribu wenyewe.

Kumkamata ni kazi ya saisi (mtunza farasi) au kiongozi. Ukiombwa usaidie, mwendee polepole kuelekea bega, usimkazie macho, na akiinua kichwa simama ugeuke kando. Shika hatamu baada ya kumgusa shingo, si kabla.

Akishakamatwa tunaangalia miguu, mdomo na mshipi, kisha tunahesabu mapigo ya moyo. Farasi aliyepumzika hupiga 28 hadi 44 kwa dakika. Akiwa ametulia robo saa na bado yamezidi 60, hapandwi, anaongozwa kwa mkono.

Mpandaji aliyepoteza fahamu hata kidogo, anayetapika au anayerudia swali lilelile, naye hapandi tena, gari linakuja kumchukua. Na kofia iliyogonga chini haivaliwi tena hata kama haina ufa, kwa sababu povu la ndani likishabonyea halilindi kichwa mara ya pili. Tunabeba ya akiba kwenye gari la huduma.