Mdogo wangu, kwenye kikao cha wazazi nenda na wewe

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba binti yako anaanza darasa la kwanza, na kikao cha wazazi hutakwenda, atakwenda mama yake peke yake. Wewe shule uliishia njiani, umesema, na hujui utamwambia mwalimu nini. Nimeona nikujibu hadharani, kwa sababu katika kufundisha kwangu darasa la kwanza nimewaona wazazi wengi wanaoishia getini kwa sababu hiyohiyo. Wanamsindikiza mtoto, wanamwachia begi, wanageuka. Na wengi wao ni watu ambao ningetamani sana kukaa nao hata dakika kumi.

Ngoja nikuambie mwalimu anakuwa na nini mkononi siku ya kwanza. Ana daftari la mahudhurio. Humo mna jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi na namba ya simu. Basi. Hajui nani anaogopa kelele, nani analala chumba kimoja na kichanga kinacholia usiku kucha, nani ametoka kumzika babu yake mwezi uliopita na bado anamuulizia. Hayo unayajua wewe, na hayahitaji cheti.

Chukua jambo dogo kama jina. Binti yako tangu azaliwe tunamwita jina la utani alilopewa na bibi yake, na sidhani kama kuna mtu amewahi kumwita kwa lile la kwenye cheti cha kuzaliwa. Kila mwaka nawapata watoto wa namna hiyo. Naita jina, kimya. Naita tena, kimya, na mwenye jina amekaa mbele yangu ananitazama. Katika darasa lililojaa ni rahisi mno mwalimu kuandika kwamba hayupo na kuendelea, huku mtoto akishinda asubuhi nzima akijiuliza mbona wenzake wote wameitwa yeye hakuitwa. Akirudi nyumbani anasema mwalimu hanipendi. Maneno machache tu ya mzazi, kwamba nyumbani tunamwita hivi na hili la kwenye daftari bado hajalizoea, yangeyamaliza yote hayo. Kwa hiyo anza leo kumwita jina lake la shule mara mojamoja, na siku ya kikao umwambie mwalimu.

Halafu kuna macho. Hili nitalisema kwa urefu, kwa kuwa ndilo linalonisumbua zaidi kila mwaka. Mtoto asiyeona vizuri hasemi kwamba haoni. Hajawahi kuazima macho ya mtu mwingine, hivyo anaamini ubao una ukungu kwa kila mtu. Nilikuwa na mvulana mmoja aliyekuwa akinakili kila kitu kutoka daftari la jirani yake: makosa ya jirani, michoro ya jirani ya pembeni, mpaka siku moja akanakili na jina la jirani juu ya ukurasa. Nikamhamishia dawati la mbele, akaanza kuandika vya kwake. Baba yake alipokuja nilimweleza, naye akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba hata nyumbani televisheni anaitazama akiwa ameisogelea karibu kuigusa kwa pua. Alikuwa anajua muda wote. Hakudhani tu kwamba hilo ni jambo la kumwambia mwalimu.

Kutoona mbali mara nyingi hujitokeza katika miaka hii ya shule ya msingi, kwa hiyo mtoto aliyekuwa anaona sawasawa akiwa na miaka minne anaweza kubadilika bila mtu kugundua. Mtazame binti yako. Je, anakunja macho akitazama kitu cha mbali? Anainamisha kichwa upande mmoja? Anasogeza kitabu karibu na uso? Analalamika kichwa kinamuuma jioni? Ukiona hivyo mpeleke akapimwe kabla shule hazijafunguliwa, na hata kama vipimo vitachelewa, mwambie mwalimu amkalishe mbele. Masikio nayo ni hivyohivyo. Mtoto anayeugua masikio mara kwa mara anaweza kubakiwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio kwa wiki kadhaa, na wakati huo anasikia kama kwamba unamwita kutoka chumba cha pili. Darasani mtoto huyo huonekana mkaidi. Anaambiwa fungua ukurasa fulani, yeye anatazama dirishani. Mwalimu aliyeambiwa mapema atamsogelea na kumgusa bega kabla ya kusema naye. Asiyeambiwa atamkaripia, na mtoto wa miaka sita akikaripiwa kwa kosa asilolijua anajifunza kunyamaza.

Umeniuliza pia kuhusu kulia, maana unamjua binti yako na kushikamana kwake na wewe. Atalia, pengine. Wengi hulia, na wengine hulia wiki ya pili baada ya kupita ya kwanza wakicheka, kwa sababu ndipo wanapotambua kwamba jambo hili ni la kila siku. Usimtoroke. Najua inashawishi, anapogeukia wenzake wewe unapenya kimyakimya, lakini mtoto aliyetorokwa leo kesho hataki hata kuangalia pembeni, anakung'ang'ania tangu getini. Muage, mkumbatie, mwambie nani atakayemfuata na wakati gani, kisha ondoka bila kurudi nyuma. Na wakati huo mtajie kwa mambo anayoyaona. Saa za ukutani bado hazimwambii kitu, ila "kengele ya mwisho ikilia, mkipanga mstari, utaniona getini" anaielewa. Ukiahidi kuwa wewe, uwe wewe kweli. Kama zamu yako haikuruhusu, mtaje atakayekuja.

Usingizi. Hapa sitazunguka: watoto wengi ninaofundisha huja wakiwa hawajalala vya kutosha, na hakuna mbinu ya kufundisha inayofidia hilo. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila siku. Piga hesabu mwenyewe. Kama ataamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, basi saa mbili na nusu usiku awe amekwisha kulala, na hapo umempa kiwango cha chini kabisa. Usingoje usiku wa kuamkia shule. Anza wiki mbili kabla, kila baada ya siku mbili tatu umlaze robo saa mapema zaidi ya alivyozoea, na simu iondoke mikononi mwake kabla ya kulala.

Sasa nije kwenye lile linalokuuma, kwamba wewe mwenyewe kusoma kwako ni kwa kusuasua, na unaogopa mtoto atakupita. Mdogo wangu, atakupita, na ndiyo furaha yenyewe. Lakini kabla hajakupita kuna mengi unayoweza kumpa. Kiswahili kimetufanyia hisani kubwa: karibu kila herufi ina sauti yake moja na haibadiliki, irabu ni tano tu, na anayejua kuunganisha ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Kwa hiyo usihangaike kumkaririsha majina ya herufi kwa wimbo. Mchezeshe sauti. Mkiwa njiani muulize, neno "mama" linaanza na sauti gani, na "mti" je? Mwambie apige kofi kwa kila silabi: ka-la-mu, makofi matatu. Hilo halihitaji kitabu wala mwanga. Na ule usimulizi wako wa hadithi, ambao sisi sote tulikuwa tunaukimbilia jioni, usiuache. Mtoto aliyezoea kusikia kisa chenye mwanzo, kati na mwisho anafika darasani akijua hadithi inavyokwenda, nami napata mahali pa kuanzia. Akianza kusoma, akusomee wewe. Fuata kwa kidole chako chini ya maneno, taratibu, bila aibu. Kwake wewe ni baba anayesikiliza.

Akigeuza herufi, akaandika b mahali pa d, usimfokee wala usimwite mzito. Ni kawaida kabisa mpaka kwenye miaka saba hivi, na huisha kwa mazoezi.

Kazi za nyumbani nina ombi moja: usimfanyie. Najua shangazi anaonekana mkali hapa. Daftari likija limejaa alama za pata lakini mwenyewe ubaoni hajui pa kuanzia, nimenyimwa habari niliyoihitaji. Swali alilokosea nyumbani linanionyesha wapi hajaelewa, nami kesho yake narudia pale. Kama ameshindwa kabisa, andika chini ya ukurasa "hapa ameshindwa" na uliache hivyohivyo. Hakuna ujumbe wa mzazi ninaoupenda kuliko huo.

Na unapomsifu, sifia alichokifanya. Mwaka 1998 watafiti wawili, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano. Baada ya fumbo la kwanza baadhi walisifiwa kwamba wana akili, wengine kwamba wamejitahidi. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu wakashindwa. Waliosifiwa akili ndio waliokata tamaa upesi, wakafurahia kazi ile kidogo zaidi, na walipopewa tena mafumbo mepesi wakafanya vibaya kuliko wenzao. Naliona hilo kwa macho yangu. Mtoto aliyeitwa genius tangu akiwa na miaka mitatu hufunika daftari kwa mkono akikwama, asionekane. Basi mwambie binti yako "umerudia mpaka ukaipata," utaona anavyorudi kwenye daftari.

Mahudhurio nitayapitia haraka. Marekani mtoto anayekosa asilimia 10 ya siku za masomo huhesabiwa kuwa na utoro sugu, hata kama kila siku aliyokosa ilikuwa na ruhusa. Katika mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18, yaani karibu mbili tu kwa mwezi. Siku mbili kwa mwezi hakuna mzazi anayezihisi. Mimi nazihisi, maana darasa la kwanza kila silabi inakaa juu ya iliyotangulia. Akiugua abaki nyumbani apone. Lakini siku ya kubaki kwa sababu wageni wamekuja, au kesho ni wikendi, hapana.

Nisikulaumu wewe tu. Shule nazo zina lake. Kuna vikao vya kukaribisha wazazi ambavyo ni orodha ya makatazo, inayosomwa na watu waliokaa nyuma ya meza ndefu, na mzazi anarudi nyumbani hajaulizwa hata swali moja. Si karibu hiyo. Familia inakaribishwa ikisikilizwa, na mwalimu anayetaka mwaka mzuri huuliza kwanza kabla hajaagiza. Mimi kikao changu cha kwanza huanza kwa kumwuliza kila aliyemleta mtoto, awe mama, baba, bibi au dada wa kazi: huyu anapenda nini, anaogopa nini, na akikasirika huwa mnamtulizaje? Huandika majibu kwenye daftari ninalolifungua mwaka mzima. Kama mwalimu wa binti yako hataanza hivyo, anza wewe. Msubiri watu wapungue, msalimie, jitambulishe kuwa ni baba wa fulani, kisha mwambie hayo matatu.

Wala usifikiri kwamba hilo ni la mama peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1989, ibara ya 18, unasema wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja katika malezi na makuzi ya mtoto. Haukuweka sharti la elimu ya mzazi. Nawe una mambo ambayo mama yake hayaoni, kwa sababu ni wewe unayetembea naye na kumsikiliza akijisemea njiani.

Kama zamu itabana kweli na kikao kikakupita, chukua karatasi uandike kwa mwandiko wako ulivyo: jina analoitwa nyumbani, kitu kinachomtia hofu, ugonjwa wowote alionao au dawa anayotumia, nani ana ruhusa ya kumchukua, na namba mbili za simu zinazopatikana mchana, yako na ya mtu mwingine wa karibu. Mwalimu hatahesabu makosa ya tahajia, naapa. Mpe mama yake aipeleke, na wewe wiki hiyohiyo upite asubuhi moja umsalimie mwalimu kabla ya kengele.

Jumapili nitapiga simu. Nataka kusikia ameitikaje jina lake la shule, na wewe uniambie mwalimu wake anaitwa nani.

Dada yako